Leseni Hainyauki

Huko Kangeta, upande wa Meru, hakuna mtu anayelipia miraa ya kutafuna ikiwa imefungwa. Hata kama muuzaji ni shemeji yako. Hata kama ni mzee wa kanisa. Kitita kinakuja kimefungwa kwa majani ya mgomba, kimekazwa kwa kamba, kinapendeza. Mnunuzi anakiweka gotini na kufungua majani. Anatazama miraa ya juu, halafu anatazama ya katikati. Katikati ndiko uongo hulala. Akiridhika, ndipo mkono unaingia mfukoni.

Igoki alilijua jambo hilo tangu akiwa mtoto. Baba yake aliuza miraa, na mumewe Muthomi anauza miraa. Lakini yeye alifuata njia nyingine. Alimaliza darasa la nane, karo ikakosekana, akaenda Embu kutafuta kazi. Aliipata kwenye saiba moja, yaani duka la kompyuta na intaneti, katika mtaa wa Dallas huko huko Embu. Mwenye saiba, mama mmoja aitwaye Gladwell, alimfundisha kupiga fotokopi, kisha kuchapa, kisha kutumia intaneti. Baada ya miaka minne Igoki alirudi Kangeta na kompyuta tatu za mitumba na printa moja. Akafungua saiba yake, mlango kwa mlango na bucha ya Idrisi.

Kila asubuhi Idrisi na Igoki walisalimiana hivi, kila mmoja akimwita mwenzake kwa jina la mtoto wake.

"Muga, Mama Mwenda!"

"Muga, Baba Aminah. Ng'ombe wa leo ametoka wapi?"

"Isiolo. Na alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi kichinjioni. Una swali lingine?"

"Sina. Nipimie robo, nitachukua saa saba."

Halafu Igoki alifungua dirisha na kazi ikaanza. Huyu alitaka picha ya kitambulisho. Yule alitaka fomu ya basari, ya kuombea msaada wa karo. Mzee mmoja alitaka barua ya kumlalamikia jirani yake kwa chifu. "Andika kwa ukali," alimwambia, "lakini ukali wenye heshima." Igoki akaandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na watu walimpenda kwa sababu mbili: hakukosea majina yao, na hakutangaza siri zao.

Ndiyo maana Mwalimu Kailemia alimletea kazi kubwa.

Mwalimu Kailemia alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Shule sita zilikuwa zimekubaliana kufanya mtihani mmoja wa mwisho wa muhula. Alikuja na bahasha iliyofungwa kwa gundi, akaiweka mezani, na hakuondoa mkono wake juu yake.

"Mama Mwenda, hii ni mitihani ya shule sita. Kule Maua kuna saiba kubwa, zina mashine nyingi. Nimewaambia walimu wenzangu tuilete hapa. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu mdomo wako una kifuniko. Mtihani huu ukitoka nje kabla ya siku yake, ni aibu kwangu na kwako. Ukienda vizuri, kila muhula kazi ni yako."

Igoki alisimama wakati wa kuipokea ile bahasha. Kila muhula! Shule sita!

Siku hiyo hiyo alianza kuchapa. Alimaliza Hisabati, akamaliza Kiswahili. Kesho yake, alipowasha kompyuta ya kwanza, maneno mekundu yakatokea: muda wa majaribio wa programu ya kuandikia umekwisha, nunua leseni. Akawasha ya pili, na yakatokea yale yale. Ya tatu ikafanya hivyo pia.

Alimpigia simu fundi aliyemuuzia mashine. Simu ilikuwa imezimwa. Akapigia duka moja la kompyuta mjini Meru. Wakamtajia bei ya leseni kwa mashine moja. Ilikuwa bei ya mbuzi wawili.

"Na mashine tatu?" aliuliza.

"Zidisha mara tatu, mama."

Mbuzi sita! Igoki alikata simu akakaa.

Jumapili alasiri, baada ya kanisa, alikaa nje ya nyumba na simu yake. Alikuwa ametafuta leseni kwenye intaneti siku mbili mfululizo. Sasa, kabla hajatafuta tena, tangazo likaruka lenyewe mbele ya macho yake. LESENI POA. LESENI ZA MAISHA. PUNGUZO KUBWA. Aligusa tangazo, tovuti ikafunguka. Ilikuwa na rangi nzuri na picha za watu wanaocheka. Juu kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma: dakika kumi na nne, dakika kumi na tatu. Chini yake kuliandikwa: "Zimebaki leseni tatu tu!"

Tatu. Kama mashine zake.

"Muthomi, hebu njoo uone. Leseni tatu kwa bei ya kuku mmoja."

Muthomi akaja akitafuna. Akasoma, akacheka. "Sasa unashangaa nini? Hiyo ni miraa ya jioni."

"Miraa ya jioni namna gani?"

"Asubuhi si tunauza kwa bei ya juu? Ikifika jioni, si tunauza kwa bei yoyote? Huyo mwenye mali ameona jua linazama. Anataka kumaliza aende nyumbani. Mshushe bei hata zaidi!"

Igoki alilipima neno hilo. Tangu utotoni alikuwa ameona baba yake akishusha bei jua likishuka. Mara ngapi wateja wajanja walingoja saa kumi na moja ndipo wakaja sokoni? Na ile saa kwenye tovuti, si ndilo jua lenyewe linalozama? Dakika sita. Dakika tano. Moyo ulimwambia, ngoja. Saa ilimwambia, haraka.

Akatuma pesa kwa simu, kwa namba aliyopewa. Jina lililotokea lilikuwa la mtu tu, si la duka. Aliliona. Akalipita.

Muda si muda, mtu aliyejiita Meneja akamtumia ujumbe wa Watsapu. Ndani yake kulikuwa na ufunguo, yaani zile herufi na namba za kufungulia programu. Kulikuwa pia na faili. "Zima kwanza programu ya ulinzi ya kompyuta, ile ya kuzuia virusi," Meneja aliandika. "Halafu fungua hili faili."

Jumatatu asubuhi Igoki alizima ulinzi, mashine moja baada ya nyingine. Akafungua faili. Maneno mekundu yakapotea kwenye mashine zote tatu. Akaanza na kazi za wateja zilizokuwa zimerundikana, mitihani iliyobaki akaiweka mwisho wa wiki.

"Baba Aminah!" aliita kupitia mlangoni. "Leo mimi ndiye nitakununulia chai!"

Furaha hiyo ilidumu hadi Alhamisi.

Alhamisi kompyuta ya kwanza ilianza kukokota kama punda mgonjwa. Saa nne, kijana mmoja aliyekuwa amefungua barua pepe yake hapo Jumanne akaingia akiwa amekasirika. "Mama, barua pepe yangu inatumia watu ujumbe wa kuomba pesa. Mimi sijaandika kitu!" Saa sita, maneno mekundu yakarudi. Safari hii yalikuwa tofauti: ufunguo huu umefungwa, hautumiki tena.

Saa saba Meneja akapiga simu.

"Mama, nimeona mashine zako zimefungwa. Kuna ada kidogo ya kufungua upya."

"Umeonaje mashine zangu?" Igoki aliuliza.

"Mama, sisi ni wataalamu. Tuma leo, kesho ada inapanda."

Igoki akakata simu. Ameonaje mashine zangu? Akainama chini ya meza akachomoa waya wa intaneti, akauzungusha mkononi kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi.

Muthomi alipokuja mchana, alimkuta amekaa na mashine zilizozimwa. Akamweleza yote.

"Basi tulipe," Muthomi alisema kwa sauti ya chini. "Tulipe tumalize kimya kimya. Watu wa soko wakisikia, watanicheka mwaka mzima. Muthomi! Mtu wa miraa! Kauziwa kitita cha majani matupu!"

"Kwa hiyo tumlipe mwizi ili watu wasicheke?"

"Si hivyo..."

"Ni hivyo. Hatapata hata sumni. Na wakicheka, mimi nitacheka nao. Kicheko hakifungi duka langu."

Muthomi alimwangalia mkewe. Kwa kawaida Igoki ni mtu wa polepole, mtu wa kutazama kwanza. Lakini leo alikuwa amesimama katikati ya duka lake, waya mkononi, kidevu juu.

Igoki akampigia Gladwell simu kule Embu.

"Madamu, nimeingizwa mjini, nimetapeliwa leseni za mashine."

"Umechomoa intaneti?"

"Nimechomoa."

"Umefanya vyema. Usiwashe kitu. Kesho nina mashine za shule moja hapo Meru mjini. Kesho kutwa asubuhi nitakuwa kwako."

Jumamosi Gladwell alifika. Alikuwa na miwani, koti la baridi, na mkoba uliojaa waya na flashi. Idrisi aliposikia sauti ngeni alikuja na kisu chake mkononi na kusimama mlangoni. Muthomi naye alikuwepo, amekaa pembeni, hataki kuulizwa lolote.

Gladwell aliitazama mashine ya kwanza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Igoki, una mgeni humu ndani. Lile faili walilokutumia si leseni. Ni programu ya wizi. Inasoma unachoandika, inatuma nje. Neno la siri la yule kijana wa barua pepe lilipita hapa."

"Na mitihani?" Igoki aliuliza. Alikuwa ameogopa kulitamka neno hilo tangu Alhamisi. "Nilikuwa nimechapa Hisabati na Kiswahili."

"Ilikuwa kwenye mashine hii?"

"Hii hii."

"Basi siwezi kukuapia kwamba haikuchukuliwa. Labda hawakuijali. Lakini mlango ulikuwa wazi."

Gladwell akavuta kiti.

"Hebu niambie, uliamuaje kununua? Mimi sikukufundisha hivyo."

"Bei, Madamu. Ilikuwa ya kutupa. Nikafikiri ni kama miraa ya jioni. Mwenye mali anataka kumaliza."

Muthomi akatazama viatu vyake.

"Sawa," Gladwell alisema. "Mimi ni mtu wa Embu, hebu nifundisheni. Kwa nini miraa ya jioni inauzwa rahisi?"

Muthomi akajibu, kwa kuwa hilo alilijua. "Kwa sababu itanyauka. Kesho ni takataka."

"Na leseni?"

"Leseni vipi?"

"Leseni itanyauka lini?"

Muthomi akageuka kuziangalia zile kompyuta.

"Leseni ni namba," Gladwell akaendelea. "Ni ruhusa ya mwenye programu. Haikauki na haiozi. Ile ya leo na ile ya mwaka ujao ni sawa. Sasa mwenye nayo anakimbizwa na nini? Kwa nini akuwekee saa?"

Idrisi alicheka hadi kisu kikatetemeka. "Wallahi! Mama Mwenda, mimi nyama yangu inaoza kweli, lakini siku nikikuuzia nusu bei saa mbili asubuhi, utaniuliza nini?"

"Nitakuuliza ng'ombe alikufa na nini."

"Haya! Mbona huyo hukumuuliza?"

Hata Igoki alicheka, kicheko chenye uchungu. "Saa ilinikimbiza, Baba Aminah."

"Hiyo ndiyo kazi ya ile saa," Gladwell alisema. "Ukirudi leo kwenye tovuti hiyo utaikuta bado inahesabu, na bado zimebaki tatu. Lete simu yako."

Akafungua tovuti kwenye simu ya Igoki, bila kuandika wala kugusa kitu kingine. Saa ilikuwa pale: dakika kumi na nne. Zimebaki tatu tu.

"Mbwa!" Muthomi alisema.

"Sasa tufungue majani," Gladwell akasema, maana aliujua mtindo wa Kangeta kutoka kwa Igoki mwenyewe. "Nionyesheni hapa palipoandikwa duka liko mji gani."

Wakatafuta. Hapakuwa na mji, barabara wala sanduku la posta.

"Nionyesheni jina la mwenye duka. Hamna. Someni sifa za wateja hapa chini. Tarehe zake?"

"Zote ni siku moja," Igoki alisema. "Na huyu na huyu wamesema maneno yale yale."

"Pesa ulimtumia nani?"

"Mtu. Jina la mtu tu, wala si la duka. Nililiona, Madamu. Niliona nikapita."

"Siku nyingine usipite. Na yule aliyekuambia uzime ulinzi, huyo alikuwa anataka nini? Baba Aminah, mtu akikuambia, 'Funga mbwa wako nikuletee zawadi usiku'?"

"Nitamfungulia mbwa wa pili."

"Basi. Leseni ya kweli haikuambii ufunge mbwa."

Muthomi akauliza, "Lakini ilifanya kazi siku tatu. Kama ni uongo, ilifunguaje?"

"Pengine ni ufunguo wa kampuni fulani, umeibwa. Wanauuza huo mmoja kwa watu mia. Mwenye programu akigundua, anaufunga. Wote mia mnalala nje."

"Kama kuuza mbuzi mmoja kwa watu kumi," Idrisi akasema. "Kila mtu anashika sikio."

"Sasa njia ya kweli ni ipi?" Igoki aliuliza. Alikuwa amechukua daftari na kalamu, kama siku za Dallas.

"Unaanza kwa mwenyewe. Andika wewe mwenyewe anwani ya kampuni iliyotengeneza programu. Usipite kwenye tangazo. Kwenye tovuti yao utakuta bei yao, na mara nyingi orodha ya mawakala wao. Bei ya wakala inaweza kushuka kidogo. Haiwezi kushuka kutoka mbuzi sita hadi kuku. Wakala awe na duka unaloweza kwenda kugonga mlango, na akupe risiti yenye jina la duka. Ukiwa na wasiwasi, tafuta jina la hiyo tovuti pamoja na neno utapeli, uone wenzako wanalia nini. Halafu ulale. Kesho ununue."

"Nilale?"

"Ndiyo. Bei ya kweli itakuwepo asubuhi. Ya mwizi tu ndiyo inayokufa usiku."

Idrisi akasema polepole, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo tangazo lilikufuata hadi nyumbani, Jumapili, hujatoa hata nguo za kanisa."

Kisha Gladwell alifuta mashine zote tatu. Ilichukua siku nzima. Alipomaliza, akaweka programu nyingine ya kuandikia, akasema hiyo haina malipo kabisa.

Muthomi akaruka. "Ngoja, Madamu! Umetuambia rahisi ni mtego. Sasa hii ya bure?"

"Swali zuri. Nimeitoa wapi? Kwenye tovuti ya walioitengeneza. Wao wenyewe wamesema ni ya bure kwa kila mtu. Hawajaniomba pesa wala siri. Jirani yako akikuita uchume parachichi zake bure, huo ni ukarimu. Lakini mtu usiyemjua akikuuzia parachichi za jirani yako kwa shilingi moja?"

"Huyo ni mwizi."

"Na wewe ukinunua?"

Muthomi akachukua ufagio akaanza kufagia, jambo ambalo Igoki hakuwahi kuliona.

Kabla ya kuondoka, Gladwell alimwambia Igoki abadilishe maneno yote ya siri, kwa kutumia simu ya Muthomi, ambayo haikupokea lile faili. Igoki alipiga pia simu kwa kampuni ya kutuma pesa. Wakamjibu kwamba pesa zilikuwa zimeshatolewa, lakini namba ya mwizi wataiandika. Akaenda polisi, akapewa namba ya kitabu cha matukio. Akampigia yule kijana wa barua pepe, akamwomba msamaha na kumsaidia kubadilisha neno lake la siri.

Ikabaki kazi moja, ile ngumu.

"Usimwambie Mwalimu," Muthomi alimsihi. "Nani atajua? Mitihani haijaonekana popote. Ukisema, kazi imekwenda."

"Nisiposema, kazi imeshakwenda. Bado tu hajaambiwa."

"Igoki!"

"Alisema mdomo wangu una kifuniko. Kifuniko ni cha siri za watu. Si cha makosa yangu."

Idrisi, aliyekuwa akisafisha gogo lake la kukatia nyama, akasema bila kuinua kichwa, "Mficha uchi hazai. Nenda, mama."

Jumapili, baada ya ibada, alimfuata Mwalimu Kailemia nyumbani kwake. Hakukalia kiti alichopewa. Akasema yote akiwa amesimama: tangazo, saa, bei ya kuku, ulinzi aliouzima kwa mkono wake mwenyewe.

Uso wa Mwalimu ulikunjamana. "Nimekutetea mbele ya walimu watano, Mama Mwenda. Watano!"

"Najua, Mwalimu."

"Na sasa niwaambie nini? Kwamba Hisabati iko mikononi mwa wezi?"

"Waambie ukweli. Waambie sijui kama iko kwa wezi, lakini mlango ulikuwa wazi. Waambie Igoki amesema mwenyewe, kabla ya kuulizwa. Tungeni maswali mapya ya masomo yale mawili. Nitachapa bure, kwenye mashine iliyosafishwa, waya wa intaneti ukiwa mkononi mwako. Leta mwalimu akae karibu nami aone. Mkitaka kwenda Maua, nendeni. Lakini hakuna mtu wa Maua atakayewaambia siku atakapokosea."

Mwalimu Kailemia alitazama uwanjani. Kuku walipita kati yao.

"Maneno hayo ya mwisho yana ukali," alisema.

"Ni ukali wenye heshima, Mwalimu."

Hakumjibu ndiyo wala hapana. Igoki akarudi nyumbani bila kujua. Usiku huo alilala kidogo.

Jumatatu mchana soko lote lilikuwa limesikia. Wauzaji wa miraa walipita mbele ya saiba kwa makusudi. "Muthomi! Leo kuna leseni za jioni?" Muthomi alijificha nyuma ya printa. Igoki akatoka nje, mikono kiunoni.

"Ziko! Njooni niwaonyeshe jinsi zinavyouzwa. Nani kati yenu amewahi kununua kitu kwenye simu bila kujua duka liko wapi? Nyoosha mkono!"

Kicheko kikapungua. Mkono mmoja ukanyooka. Halafu wa pili. Mmoja alikuwa amenunua programu ya kuzuia virusi, na sasa simu yake ilikuwa imejaa matangazo ya aibu. Mwingine alisema aliyenunua ni shemeji yake, lakini watu walimwangalia kwa jicho la kutoamini.

Wakati huo huo simu ya Igoki ikalia. Ilikuwa namba ya Meneja. Igoki akaweka kipaza sauti, akaishika juu.

"Mama, ile ada hujatuma. Nitafichua siri zako zote."

"Kompyuta zimefutwa, Meneja. Hakuna siri. Sasa nisikilize. Duka lako liko mji gani?"

"Mama, hayo si..."

"Barabara gani? Jina la mwenye duka ni nani? Wakala wa nani? Hapa nipo na soko la Kangeta lote. Sisi hatulipii kitita kilichofungwa. Fungua majani tuone!"

Mtu mmoja wa miraa akapaza sauti, "Fungua majani!" Wa pili akaitikia. Mara soko zima, "Fungua majani! Fungua majani!" Hata Idrisi alipiga kisu kwenye gogo.

Meneja alikata simu. Igoki alifunga namba hiyo isimpigie tena, akaituma polisi pamoja na anwani ya tovuti. Nyuma yake, Muthomi alikuwa ametoka kwenye printa. Alikuwa akipiga kelele kuliko wote.

Jumatano, saa mbili asubuhi, mwalimu wa kike aitwaye Kathure aliingia na bahasha mpya. "Mwalimu Kailemia amesema nikae hapa hadi umalize. Na amesema nishike waya."

"Huu hapa," Igoki akasema. Akauchomoa akamkabidhi.

Alichapa siku mbili. Kathure alikaa na waya mapajani kama aliyepakata mtoto. Mtihani ulifanyika kwa shule zote sita. Haukuvuja. Kama ile mitihani ya kwanza iliwahi kuonekana na mtu, hakuna anayejua hadi leo, na haikufaa kitu tena.

Kisha ikaja likizo, na likizo ikapita. Mashine ziliendelea kufanya kazi na ile programu ya bure. Kwa mashine moja Igoki aliweka akiba, akanunua leseni ya kweli kwa wakala wa Meru. Alikwenda mwenyewe hadi dukani, akagusa kaunta, akarudi na risiti yenye muhuri. Aliibandika ukutani kama picha ya arusi. Chini yake aliandika kwa kalamu nene: HAPA HATULIPI KABLA YA KUFUNGUA MAJANI. Watu wakaanza kuja na simu zao kumuuliza, "Mama Mwenda, hii tovuti iko sawa?" Naye alianza na swali lile lile kila mara: "Hicho kitu kitanyauka lini?"

Muhula uliofuata, siku moja ya mvua, Mwalimu Kailemia aliingia dukani. Alikuwa na bahasha chini ya koti, imefungwa kwa gundi. Akaiweka mezani, mkono wake ukiwa bado juu yake. Akasoma maandishi ya ukutani.

"Mama Mwenda," alisema, "majani yamefunguliwa?"

Igoki akageuza mashine ili kioo kimwelekee. Akamwonyesha programu ya ulinzi ikiwa macho. Akamwonyesha leseni, jina la duka kwenye risiti, tarehe. Mwisho akainama, akachomoa waya wa intaneti, akamwekea kiganjani.

Mwalimu alitazama ya juu. Akatazama ya katikati. Halafu akaondoa mkono wake kwenye bahasha.